J.S. Ondara: Alipoteza Beti Nairobi, Akaishia Grammy. Sisi wa Banissa Tunajifunza Nini?

Manze, beti zimemaliza wasee wengi hii Kenya. Kuna mwenye alipoteza karo, kuna mwenye alipoteza kodi ya nyumba, na kuna mwenye aliuza simu ya bibi yake. Lakini kuna kijana mmoja wa Nairobi alipoteza beti akiwa bado shuleni, na hiyo hasara ikampeleka mpaka Grammy.

Stori ni hivi. Alikuwa anapenda sana ngoma inaitwa "Knockin' on Heaven's Door." Yeye akashikilia kwamba ni ya Guns N' Roses, wale wasee wa roki wenye nywele ndefu. Rafiki yake akamwambia, buda, hiyo ni ya Bob Dylan. Wakawekeana. Kijana akapoteza, kwa sababu Dylan aliitoa 1973 na Guns N' Roses waliirudia tu. Sasa badala ya kukasirika, akaenda kumtafuta huyo Dylan ni nani. Akapata mtu mmoja na gitaa moja, akiimba hadithi kama mzee wa kijiji. Akili ikaruka.

Huyo kijana anaitwa J.S. Ondara. Kama hujawahi kumsikia, usijali. Huku Banissa nimeuliza wasee kumi kwa baraza la chai na hakuna hata mmoja alimjua. Ndio maana naandika.

Folk ni nini, kwa lugha ya kwetu

Usiogope hilo jina. Folk ni muziki wa watu: hadithi mbele, vyombo nyuma. Ukitoa biti, ukitoa taa, wimbo unabaki umesimama kwa maneno yake.

Sasa niambie, nani anajua hiyo kitu kuliko sisi wa kaskazini? Ukienda kisimani wakati wa kiangazi, ngamia wamejipanga na wanaume wanavuta maji, lazima wimbo uwepo. Mmoja anaanza, wengine wanaitikia, na mdundo wa wimbo ndio mdundo wa kazi. Harusini akina mama wana mashairi yao. Mtu akikosewa, anatunga. Akipenda, anatunga pia, tena kwa mafumbo ili baba ya msichana asishtuke.

Na kuna kitu moja kwa nyimbo za Kisomali ambayo wengi wa rika letu hawaijui. Kwa kawaida wimbo una watu watatu: aliyetunga maneno, aliyetunga sauti, na anayeimba. Redio za zamani zilikuwa zinawataja wote watatu kabla ngoma ianze. Na kwa mashairi ya zamani ni hivyo hivyo. Ukikariri shairi la mtu mbele za watu, unasema kwanza ni la nani, na hubadilishi neno. Hakukuwa na karatasi wala wakili, lakini jina la mwenye kazi lilikuwa linatembea na kazi yake.

Mtu kama Ondara ni hao watatu ndani ya mwili mmoja. Anaandika, anatunga sauti, anaimba.

Safari yake ilikuwa aje?

Ondara alizaliwa Nairobi 1992. Nyumbani hakukuwa na doh ya gitaa. Alichokuwa nacho ni redio ya betri ya dada yake. Hapo ndipo alisikia Nirvana, Radiohead na wenzao, na akaanza kujiandikia maneno yake. Yaani miaka yote hiyo alikuwa anatunga nyimbo bila chombo hata kimoja. Kama unachunga mbuzi huko nje ya Banissa na unatunga kichwani, basi mko darasa moja.

2013 akapata green card, ile ya bahati nasibu, akatua Marekani. Angeenda New York ama Los Angeles, lakini alichagua Minneapolis, jimbo la Minnesota, mahali baridi inakata maskio. Kwa nini? Kwa sababu Dylan anatoka Minnesota. Ni hiyo tu.

Msomaji wa Mandera ameshacheka, kwa sababu Minneapolis ni kama mtaa wetu wa pili. Ni huko Wasomali wamejaa kuliko mji mwingine wowote Marekani, na kila boma hapa lina binamu ama shangazi anayetuma pesa kutoka huko. Sisi tunaiona kama mji wa kazi na wa kutuma. Ondara aliiona kama mji wa mwalimu wake.

Huko ndiko alishika gitaa na kujifundisha mwenyewe. Aliingia chuo kusomea tiba kwa muziki, halafu akatoka ili afuate ngoma. Dylan mwenyewe pia aliacha chuo kikuu huko huko Minneapolis, na 2016 akapewa Nobel ya fasihi. Sisemi mtu aache shule. Mimi nimeacha, na nakwambia ni noma, asubuhi zingine unaamka hujui hata unajiita nani. Nachosema ni kwamba kutoka chuoni hakukuwa mwisho wa stori yao. Walitoka wakaingia kwa kazi nyingine ngumu zaidi, na wakaifanya kila siku.

Alianza na kumbi ndogo, na redio za mtaa zikaanza kumcheza. Baadaye lebo ya Verve ikamwona. Februari 2019 akaachia albamu "Tales of America," na mwaka huo huo akatajwa kuwania Grammy ya albamu bora ya Americana. Hakushinda, Keb' Mo' ndiye alibeba. Lakini fikiria: mtoto wa Nairobi ametajwa kwa kitengo ambacho jina lenyewe ni la Marekani.

Ngoma zake zikoje?

Sauti yake ni ya juu, laini, inaweza kukudanganya ni ya mwanamke. Gitaa ni moja, na mahali pengi kwa ile albamu ya kwanza hakuna kingine cha maana. Luku yake ni suti na kofia, kama mzee anaenda baraza la chifu.

Anachoimba ni Marekani kama inavyoonekana na mgeni. Anaipenda na anaiogopa kwa wakati mmoja. Sikiliza "American Dream" utaelewa: ndoto yenyewe iko, lakini ndani yake kuna vitu vya kutisha. Sikiliza "Saying Goodbye" usiku ukiwa peke yako, ndiyo ujue kuaga kwao si kitu ya airport peke yake.

2020 korona ilipofunga dunia, hakungoja studio kubwa. Aliandika haraka haraka nyimbo za watu waliofungiwa nyumbani, waliopoteza kazi, akaziachia Mei hiyo hiyo kama "Folk n' Roll Vol. 1: Tales of Isolation." Hiyo ndiyo kazi ya folk tangu zamani. Jambo linatokea, mtunzi analisema kabla lipoe. Wazee wetu walifanya hivyo na ukame na vita. 2022 akarudi na "Spanish Villager No. 3," hapo vyombo vikaongezeka na sauti ikapanuka.

Lakini si ana lebo?

Hapa wasee huchanganya. Msanii huru si lazima awe hana lebo milele. Swali ni nani anashika kalamu. Ondara alifika kwa lebo akiwa tayari ameandika nyimbo zake, tayari ana sauti yake. Hakupewa mtu wa kumwandikia.

Mwingine ni marehemu Ayub Ogada, gwiji wa nyatiti. Huyu alienda Uingereza 1986 akawa anapiga nyatiti kwa vituo vya treni za chini ya ardhi London, wapita njia wakimtupia sarafu. Hapo ndipo watu wa tamasha la WOMAD wakamjua, na 1993 akatoa albamu "En Mana Kuoyo" chini ya Real World. Wimbo wake "Kothbiro" ukaingia kwa filamu "The Constant Gardener" ya 2005.

Shika hii sasa. "Kothbiro" iliwahi kurekodiwa miaka ya sabini na bendi ya Nairobi inaitwa Black Savage. 2018 Kanye West akachukua kipande chake akaweka kwa "Yikes." Kwa orodha ya waandishi wa ngoma ya Kanye, jina la Ayub Ogada liko, na la James Mbarack Achieng pia. Miaka arobaini baadaye! Ogada alifariki Februari 2019, lakini jina lilikuwa limeandikwa mahali.

Sasa wewe wa Banissa

Hii ndiyo sehemu inaniuma.

Shosh yangu alikuwa na wimbo wa ngamia, aliutunga mwenyewe akiwa msichana. 2019 niliurekodi kwa simu, kama dakika mbili hivi. Simu ikaanguka kwa maji, na sikuwa nimeutuma popote. Shosh ameshaenda mbele ya haki. Leo nakumbuka mwanzo wake na ile mahali alikuwa anavuta pumzi. Maneno ya katikati sina.

Sheria ya hakimiliki ya Kenya inasema kazi inalindwa ikishawekwa kwa kitu: karatasi, kanda, simu. Ikiwa kichwani tu, hakimiliki haijaanza. Ikishawekwa, ni yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili si lazima ndiyo ulindwe, lakini bodi ya hakimiliki, KECOBO, inasajili, na cheti kinasaidia mkikosana na mtu. Zile nyimbo za jamii nzima ambazo hazina mtunzi mmoja zina sheria yao ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi.

Kwa hivyo fanya hivi. Tunga. Rekodi kwa simu, hata kama mbuzi wanalia nyuma. Mwanzoni sema jina lako, mahali na tarehe, kama wazee walivyokuwa wakitaja mwenye shairi. Halafu mtumie mtu wa pili papo hapo, mtandao ukirudi. Mkiwa wawili ama watatu kwa wimbo, andikeni nani alifanya nini kabla doh haijakuja, kwa sababu ikishakuja hakuna anayekumbuka vizuri.

Gitaa litakuja baadaye. Ondara alitunga miaka na miaka bila hilo gitaa. Na kama hutungi, pengine una shosh ambaye bado yuko. Leo jioni akimaliza kuswali magharibi, kaa karibu naye, washa simu, umuulize ule wimbo wa kisimani ni wa nani.