Saluni ya Kifahari Iliyotumika: Kagua Kabla ya Kulipa

Bei ya gari la kifahari hushuka kadiri linavyozeeka. Bei ya vipuri vyake haishuki nayo. Aidha, utulivu wa safari si ushahidi wa uimara. Kwa mfano, Mercedes-Benz S-Class za tangu 1998 nyingi hubebwa na mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Mpira wa mifuko hiyo huchakaa kwa umri, hata kama gari limetembea kilomita chache.

Kwa hiyo, omba kuliona gari asubuhi kabla halijawashwa: likiwa limeinama upande mmoja, huenda hewa inavuja. Mtumie fundi wako, si wa muuzaji. Linganisha kilomita za kwenye dashibodi na kumbukumbu za matengenezo. Ulizia bei za vipuri mapema, na dhamana yoyote utakayoahidiwa iandikwe.