Mshipa wa Mkono Unaolisha Ubongo

Mwaka 1987, mjini Kharkiv, Ukraine, Nikolai Volodos alitibu aorta (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) iliyojeruhiwa kifuani kwa kupitisha stenti ndani ya mishipa, bila kupasua kifua. Mwaka 1994 Michael Dake na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza matokeo ya wagonjwa 13 waliotibiwa kwa njia hiyo. Leo stenti, yaani bomba la kitambaa lenye kiunzi cha chuma, huingizwa kupitia kinena.

Kazi ngumu iko juu, aorta inapojikunja. Ili stenti ishike isivujishe, inahitaji takriban sentimita 2 za ukuta mzima, na mara nyingi uvimbe au mchaniko huanzia karibu mno na mdomo wa mshipa uendao mkono wa kushoto. Mdomo huo ukifunikwa, mkono kwa kawaida haufi. Damu hupita njia za panya: hupanda shingoni kwa upande wa kulia, kisha hushuka kinyumenyume upande wa kushoto hadi mkononi. Baadhi huishia kulalamikia mkono kuchoka au kuwa baridi. Ndiyo maana wapo madaktari waliouona mshipa huo kuwa wa kutolewa kafara.

Kwangu, hesabu hiyo ilitazama mkono ikasahau kichwa. Kwenye mshipa huohuo huchipuka tawi linalopanda ndani ya mifupa ya shingo kulisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Matawi mengine huchangia damu ya uti wa mgongo. Kuna watu ambao tawi lao la kulia ni jembamba mno, na kwao kuziba la kushoto ni kukaribisha kiharusi. Na aliyeunganishiwa mshipa wa kifua cha kushoto, unaochipuka hapohapo, kwenye moyo anaweza kupata shambulio la moyo.

Mwaka 2009 chama cha wapasuaji wa mishipa cha Marekani kilipendekeza kwamba, pasipo dharura, mshipa wa mkono uunganishwe kwanza na ule wa shingoni, ingawa kilikiri ushahidi wenyewe ni hafifu. Upasuaji huo nao una hatari zake, ikiwemo kujeruhi neva ya kiwambo cha kupumulia. Tangu 2022 Marekani imeruhusu stenti yenye tawi la kupeleka damu mkononi.

Aorta inayovuja haingoji mjadala. Lakini mwenye ndugu aliyepangiwa tarehe ya kuwekewa stenti, amuulize daktari: picha za mishipa ya shingo zimepigwa, na mshipa wa mkono wa kushoto utafanywaje?