Eka ya hati na eka ya ardhini: 'mpaka wa jumla' una maana gani?

Biashara ya ploti nchini Kenya huvutia wafanyabiashara wengi wenye akiba ndogo. Vyama vya akiba na vikundi vya marafiki huchanga fedha, hununua eka moja au mbili pembezoni mwa mji, kisha hukata vipande na kugawana au kuuza. Bei hutajwa kwa eka, faida hupigwa hesabu kwa eka. Lakini kuna istilahi moja ya wapima ardhi ambayo wanunuzi wengi huisikia mara ya kwanza baada ya fedha kulipwa: mpaka wa jumla.

Sheria ya Kenya inatambua mipaka ya aina mbili. Ya kwanza ni mpaka uliothibitishwa. Huu umepimwa kwa vyombo, kila pembe ina bikoni, na vipimo vyake vimo katika ramani iliyokubaliwa na idara ya upimaji. Bikoni ikipotea, mpima ardhi anaweza kuirudisha mahali pake kwa kutumia vipimo hivyo.

Ya pili ni mpaka wa jumla. Hapa mpaka ni kitu kinachoonekana ardhini, kama vile ua wa miti, kijito au njia, na ramani ya usajili inaonyesha tu mahali kilipo kwa makadirio. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinasema hivyo waziwazi: isipokuwa pale daftari la msajili linapoonyesha kuwa mipaka imethibitishwa, ramani huhesabiwa kuwa ya makadirio tu. Ndiyo sababu hati nyingi huandika ukubwa wa shamba pamoja na neno 'takribani'. Neno hilo dogo ndilo msomaji anapaswa kulitazama kwanza.

Chanzo chake

Mpaka wa jumla haukubuniwa ili kumpunja mtu. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulitaka mashamba ya wakulima Waafrika yaunganishwe na kusajiliwa, hasa katika Kenya ya Kati. Kupima kila shamba kwa bikoni kungechukua miaka mingi na fedha nyingi. Njia ya mkato ilikuwa wenye mashamba kupanda ua kwenye mipaka na ramani kuchorwa kutokana na picha zilizopigwa kutoka ndege. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ikaendeleza utaratibu huo, na sheria ya 2012 iliyochukua nafasi yake haikuuacha.

Kwa mkulima wa majani ya chai au kahawa, utaratibu huo ulitosha. Hatua moja upande huu au ule haikumharibia mavuno. Mambo yalibadilika pale shamba lilipogeuka kuwa bidhaa ya kuuzwa kwa futi.

Hesabu ya kikundi

Chukua ramani ya kipimo cha 1 kwa 2,500. Mstari wenye unene wa nusu milimita kwenye karatasi hiyo unafunika mita 1.25 ardhini. Ukiwa na urefu wa mita 100, mstari huo peke yake umelala juu ya mita za mraba 125.

Sasa tuseme kikundi cha watu 8 kimenunua eka moja ili kila mmoja apate ploti ya futi 50 kwa 100. Eka ina futi za mraba 43,560. Ploti 8 zahitaji 40,000. Zikipangwa nne kila upande, njia ya kati yenye upana wa futi 30 itachukua 6,000 nyingine. Jumla ni 46,000. Hata eka kamili imekwisha pungua kwa 2,440, karibu nusu ya ploti.

Ikiwa mpaka ni wa jumla na mpima akakuta ardhi ni pungufu kwa asilimia 5 tu, futi nyingine 2,178 zimekwenda. Upungufu wote ni futi za mraba 4,618. Hiyo ni karibu ploti nzima. Ama wote 8 wapunguziwe, ama wa mwisho akose, na huyo amelipa sawa na wenzake.

Mahakamani si mwanzo

Mnunuzi akigundua upungufu, wazo la kwanza huwa kumshitaki jirani aliyesogeza ua. Kifungu hicho hicho cha 18 kinaizuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mipaka haijaamuliwa kwa utaratibu wa sheria. Kazi hiyo huanzia kwa msajili wa ardhi. Anayefungua kesi kabla ya hapo hujiongezea gharama ya wakili bila kupata jibu.

Dawa imo katika kifungu cha 19. Mwenye maslahi huomba kwa msajili mpaka uthibitishwe. Msajili huwaarifu majirani, huwapa nafasi ya kusikilizwa, upimaji hufanywa, ramani huwekwa, na daftari huandikwa kuwa mpaka umethibitishwa. Tangu hapo ramani hiyo ndiyo neno.

Kwa mwekezaji mdogo, mpangilio wa shughuli ni muhimu kuliko bei. Upekuzi wa daftari humwonyesha mmiliki na madeni yaliyo juu ya ardhi, lakini hauthibitishi ukubwa wake. Kwa hiyo baada ya upekuzi na kabla ya malipo ya mwisho, mpima mwenye leseni aitwe shambani akiwa na ramani ya usajili, muuzaji na majirani wakiwapo. Mkataba uweke bei kwa kila sehemu ya eka itakayokutwa, badala ya bei moja kwa 'eka moja takribani'. Muuzaji anayeamini ardhi yake imetimia hana sababu ya kukataa sharti hilo.

Ada ya mpima hugawanywa kwa watu 8. Ploti iliyokosekana hubebwa na mmoja.