Kamera Ndogo ya Filamu: Uichague Vipi?

Liko jambo linalozikuta familia nyingi siku ya msiba. Mzee amefariki, watoto wamekusanyika, na mtu anauliza, "Picha ya kuweka mbele ya jeneza iko wapi?" Hapo hutafutwa simu moja baada ya nyingine. Ile iliyokuwa na picha nzuri iliibiwa mwaka juzi. Nyingine ilitumbukia majini. Iliyobaki inamwonyesha bibi akitazama pembeni. Lakini kabatini, katika albamu ya zamani, mara nyingi hupatikana picha ya karatasi iliyopigwa miaka 30 au 40 iliyopita, na sura bado inaonekana vizuri.

Ndiyo sababu hapa kwetu Sigino, katika mji wa Babati, baadhi yetu akina mama tumeanza kuzitazama upya zile kamera ndogo za filamu ambazo baba zetu walizificha sandukuni. Wengine wanaziona katika mitumba na kutamani kununua. Kutamani si kosa. Hata hivyo, fedha ya nyumbani ni ile ile ya ada na sare za shule, nayo haifai kutupwa kwa kitu kitakachokaa juu ya kabati bila kazi. Tuzungumze basi jinsi ya kuchagua.

Faida ya filamu

Filamu huacha kitu cha kushikwa mkononi, yaani negativu. Ikitunzwa mahali pakavu, inaweza kutoa picha mpya hata baada ya miaka mingi. Kule Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na baadaye mwanawe akaendeleza kazi hiyo. Nyuso na mitaa ya enzi zile tunaweza kuziona leo kwa sababu picha zilitunzwa. Nasi nyumbani tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa kiasi chetu.

Filamu ya kawaida ina picha 24 au 36 tu. Basi mama hapigi ovyo. Anamwita mtoto, anamweka kwenye mwanga, anatulia, ndipo anapiga.

Anza na filamu, si kamera

Wengi huanza kwa kuuliza, "Kamera ipi ni nzuri?" Yafaa kuanza na swali jingine: "Filamu nitaipata wapi, na nani atanisafishia?" Siku hizi studio nyingi zinatumia kamera za dijitali, na mashine za kusafishia filamu zimepungua mno. Uliza hapa mjini kwanza. Ukikosa, mpigie simu ndugu aliye Arusha, umbali wa kilomita zipatazo 170, au Dar es Salaam, akuulizie. Jumlisha gharama tatu: kununua filamu, kuisafisha na kuchapa picha. Nauli ya kuituma nayo uihesabu.

Filamu ya rangi inataka dawa zenye joto la nyuzi 38 hivi, tena lisilobadilika. Ile ya nyeusi na nyeupe husafishwa kwa urahisi zaidi, katika dawa zenye joto la nyuzi 20 hivi. Kijana mwenye bidii aweza kujifunza kuisafisha nyumbani, akiwa na dawa, chombo kisichopitisha mwanga na maji safi ya kusuuzia.

Ukiona hakuna njia ya kusafisha, usinunue kamera. Chukua fedha hiyo uchapishe picha 20 bora zilizomo katika simu yako. Familia itakushukuru vile vile.

Kamera ipi basi?

Kwanza, hakikisha inatumia filamu ya milimita 35, ambayo bado inatengenezwa. Ziepuke zile za kaseti za Instamatic, zilizotoka mwaka 1963, na zile za filamu ya APS, ambayo ilikoma kutengenezwa mwaka 2011. Hata zikiwa nzuri kama mpya, utahangaika kutafuta filamu ya kutia ndani.

Pili, tazama betri. Kwa mama wa Sigino tunaona kuna makundi matatu:

1. Zisizotaka betri kabisa. Mfano ni Olympus Trip 35, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1967 hadi 1984. Ina uzito wa gramu 400 hivi. Vioo vidogo vinavyoizunguka lenzi hupokea mwanga na kuipimia kamera. Umbali unauchagua kwa alama: kichwa cha mtu mmoja, watu wawili, kundi, au mlima. Kwa picha za uani mchana, au za watoto wakipukuchua mahindi, inatosha kabisa. Ila haina flashi yake yenyewe, hivyo usiku au ndani ya nyumba yenye giza utahitaji kuitafutia.

2. Zinazotumia betri ndogo za redio. Canon AF35M ya mwaka 1979 ni ya namna hii. Inatafuta umbali yenyewe, ina flashi yake, na betri zake mbili zinauzwa karibu kila duka. Inamfaa mama anayetaka kupiga picha sebuleni jioni bila kusumbuka. Lakini mashine yake ya umeme ikifa, fundi wa kuifufua ni shida kumpata.

3. Zinazotaka betri za pekee. Olympus mju-II ya mwaka 1997 ni ndogo, nyepesi na inasifiwa sana. Kwa ajili ya sifa hizo bei yake imepanda, nayo inahitaji betri ya aina ya CR123A, ambayo si kila duka inayo. Nyingine za zamani zaidi zilitegemea betri za zebaki, ambazo zimeondolewa sokoni kwa sababu ya sumu yake.

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Jina kubwa lisikupumbaze. Kamera ya jina dogo inayofanya kazi ni bora kuliko ya jina kubwa iliyokufa.

Ipime mbele ya muuzaji

Kabla ya kufungua mgongo wa kamera, zungusha polepole kile kishikio cha kurudishia filamu. Ukisikia kinavuta, huenda ndani kuna filamu, na mwanga ukiingia utaiharibu. Kikizunguka bure, fungua na uangalie haya:

Lenzi. Ielekeze kwenye mwanga. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na picha zitakuwa na ukungu.

Sponji nyeusi za mlangoni. Zikiwa zimeyeyuka na kunata kama lami, mwanga utapenya na picha zitakuwa na michirizi. Fundi mwangalifu aweza kuzibadilisha, kwa hiyo usiikatae kamera kwa hilo, ila omba bei ipunguzwe.

Chumba cha betri. Unga wa kijani au mweupe ni dalili kwamba betri zilivuja.

Kipima mwanga. Kwa Trip 35, weka pete ya lenzi kwenye herufi A, funika lenzi kwa kiganja, kisha bonyeza. Kitufe kinapaswa kugoma, na kibendera chekundu kionekane katika kitundu cha kuchungulia. Ielekeze kwenye mwanga wa jua ubonyeze tena. Sasa inapaswa kupiga. Isipofanya hivyo, iache.

Muuzaji mwaminifu hatakataa kamera yake ipimwe. Akikuharakisha, funga mkoba wako uende zako.

Ukishainunua

Usiipeleke mara moja kwenye harusi au kipaimara. Tia filamu moja ya majaribio, piga nyumbani, isafishwe, uone matokeo. Wakati wa kiangazi, vumbi letu la Babati ni adui, hivyo ifunge katika kitambaa safi ndani ya mfuko. Usiiache katika gari lililoegeshwa juani, wala karibu na jiko, kwa maana joto huharibu filamu. Mchana jua likiwa kali, waweke watu kivulini ili macho na paji la uso vionekane sawasawa. Saa kumi na moja jioni mwanga huwa mpole zaidi.

Picha zikirudi, andika nyuma kwa penseli laini: jina, mahali, mwaka. Negativu zitie katika bahasha safi kavu, mbali na albamu yenyewe, ili kimoja kikipotea kingine kibaki.

Basi mama, usikimbilie kununua. Wiki hii fanya jambo moja tu: uliza filamu itasafishwa wapi na kwa shilingi ngapi. Ukipata jibu, kaeni na baba watoto mpige hesabu pamoja. Hesabu ikikubali, tafuteni kamera. Na filamu ya kwanza ikishafaulu, ya pili iwe ya wazee wetu wangali wanacheka.