Hatari za kuhamisha faili mtandaoni na namna ya kuziepuka

MWANAFUNZI anayehitimu katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya (SEKU) kilichoko Kwa Vonza, Kaunti ya Kitui, au katika chuo kingine chochote nchini, hujali sana cheti na kusahau kilichobaki nyuma. Tasnifu yake, majibu ya hojaji alizokusanya vijijini na picha za miaka minne huenda zimo katika akaunti iliyofunguliwa kwa baruapepe ya chuo. Akaunti ya aina hiyo si yake. Msimamizi wa mitambo ya chuo anaweza kuifunga, na kila kilichomo kikapotea.

Hali hiyo haimhusu mwanafunzi peke yake. Karani wa shule mjini Mwingi na mweka hazina wa chama cha akiba huko Wote, Makueni, nao hufika siku ambayo hifadhi yao ya mtandaoni imejaa na faili hazina budi kuhamishwa.

Hifadhi hizi huitwa za wingu, ingawa hakuna wingu lolote. Ni tarakilishi kubwa zilizo katika majengo ya kampuni, nyingi zikiwa nje ya Kenya. Nafasi ya bure ina mpaka: Google hutoa gigabaiti 15 kwa barua, faili na picha kwa pamoja, OneDrive ya Microsoft hutoa 5 na Dropbox 2. Enzi ya ukarimu imepita. Mnamo Juni 2021 Google ilikomesha nafasi isiyo na kikomo ya picha, na mwaka uo huo ikavitangazia vyuo kwamba kila taasisi ingegawiwa terabaiti 100 za pamoja. Tangu Desemba 2023, kampuni hiyo inaweza kufuta akaunti ya kibinafsi ambayo haijatumiwa kwa miaka miwili.

Kosa linalowaponza wengi ni kudhani kwamba kushiriki faili ni sawa na kuihamisha. Mtu hufungua kabrasha katika akaunti ya zamani, akaipa akaunti mpya ruhusa ya kuliona, kisha akalala usingizi mnono. Faili hazijaenda popote. Mmiliki bado ni akaunti ya kwanza, nayo ikifutwa, akaunti ya pili hubaki mikono mitupu. Umiliki katika Google Drive hauwezi kukabidhiwa kutoka akaunti ya taasisi hadi ya mtu binafsi. Ni lazima nakala mpya itengenezwe. Google ina huduma maalumu ya kunakili barua na faili za wanafunzi hadi akaunti zao binafsi, mradi chuo kimeiruhusu.

Njia ya kale, yaani kupakua faili zote kisha kuzipakia upya, ni salama ikiwa tarakilishi ni ya mwenyewe. Gharama yake ni bando, kwa kuwa kila faili husafiri mara mbili. Anayeifanya kazi hiyo katika saiba hujiingiza katika hatari nyingine: nakala husalia katika kabrasha la vilivyopakuliwa, na mteja anayefuata huzikuta hapo. Kuzifuta hakutoshi ikiwa hazikuondolewa pia kwenye pipa la taka, wala ikiwa mtu ameondoka bila kufunga akaunti yake.

Kuna huduma zinazohamisha faili moja kwa moja, wingu hadi wingu, bila kupitia tarakilishi ya mteja. Google Takeout, kwa mfano, inaweza kupeleka kifurushi cha faili hadi Dropbox au OneDrive. Hata kampuni kubwa hukosea: mnamo Novemba 2019, hitilafu katika Takeout ilifanya video za baadhi ya watumiaji ziingie katika vifurushi vya watu wasiowajua, na Google ikawaarifu wahusika Februari 2020.

Kampuni za kati zinahitaji uangalifu zaidi. Ile ya kuaminika haiombi nywila. Humpeleka mteja katika ukurasa halisi wa Google au Microsoft, naye huko hutoa ruhusa. Inayotaka nywila iandikwe katika ukurasa wake yenyewe yafaa ikimbiwe. Lakini ruhusa hiyo ni sawa na ufunguo wa ziada, na haiishi kazi ikiisha. Ni lazima mwenyewe aingie katika mipangilio ya usalama ya akaunti zote mbili na kuifuta.

Faili zikiwa na habari za watu wengine, sheria nayo inaingia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi nambari za vitambulisho, rekodi za wagonjwa au alama za wanafunzi azilinde, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa katika muda wa saa 72. Karani anayehamishia orodha ya wanachama katika akaunti yake binafsi kwa sababu ya ofisi imejaa anatoka nje ya mipaka ya kazi yake, hata kama nia yake ni njema.

Faili nyeti hufaa kufungwa kwa msimbo kabla ya safari. Programu ya bure ya 7-Zip inaweza kuzifunga kwa nywila, ila nywila ikisahauliwa hakuna wa kuzifungua, na haifai kutumwa katika baruapepe iyo hiyo yenye faili.

Mtandao ukikatika katikati ya safari, kama ilivyotokea Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipoharibika baharini na intaneti ikadorora nchini, baadhi ya faili huachwa njiani bila taarifa. Kwa hiyo akaunti ya zamani haifutwi siku hiyo hiyo. Kwanza hulinganishwa idadi na ukubwa wa faili pande zote mbili, kisha zile muhimu hufunguliwa moja moja. Nyaraka za Google hubadilishwa umbo zikienda kwingine, na majedwali yenye hesabu ndiyo huharibika upesi. Baada ya hapo ndipo viungo vya zamani, vilivyotumwa kwa watu tangu miaka iliyopita, hufungwa kimoja baada ya kingine.