Nafasi Imekwenda Wapi?

Makala ya jarida hili nusura yapotee. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, fundi alitutilia Windows 11 katika kompyuta ya chama. Mara diski ikajaa! Imejazwa na nini, jamani, na sisi hatukuongeza hata barua?

Kumbe Windows ya zamani haikutupwa. Hufungashwa katika folda iitwayo Windows.old, ndani ya diski C, nayo hula gigabaiti nyingi. Huwekwa ili ukichukizwa na mpya urudie ya kale, ila kwa siku 10 tu. Zikipita, mashine huifuta yenyewe.

Mwenzangu alitaka kuifuta papo hapo. "Ngoja kwanza, bwana!" nikamwambia. Fundi hakuchagua kuhifadhi faili zetu, kwa hivyo insha na mashairi yalikuwa mle mle, katika folda ya Users. Tukayanakili kwenye flashi, tukayafungua moja moja kuhakikisha. Ndipo tukaingia Settings, System, Storage, kisha Temporary files, tukatia alama penye Windows ya awali na kuiondoa. Ukijaribu kuifuta kama faili za kawaida, mara nyingi itakukatalia. Nayo ikishafutwa, hakuna tena kurudi Windows 10.