Dawa za moyo Machakos: hesabu ya vidonge 6,570

Moyo ukishindwa kusukuma damu ya kutosha, miguu huvimba na mgonjwa hukosa pumzi akilala chali. Huo ndio moyo kushindwa, na dawa zake humezwa kila siku, mara nyingi maisha yote. Bei ya kidonge kimoja, basi, haitoshi kupima gharama. Tuhesabu vidonge vinavyohitajika kuepusha kifo kimoja.

Utafiti wa RALES, uliochapishwa 1999, ulifuata wagonjwa 1,663 waliolemewa sana kwa wastani wa miezi 24. Wasiopewa dawa ya spironolaktoni walifariki asilimia 46. Waliopewa, asilimia 35. Kwa tofauti hiyo, watu 9 hutibiwa miaka 2 ndipo mmoja anusurike. Watu 9 mara siku 730 ni vidonge 6,570.

Utafiti wa DAPA-HF wa 2019 ulipima dapagliflozini, dawa mpya zaidi. Kati ya waliopewa, waliofariki kwa maradhi ya moyo au kuzidiwa walikuwa asilimia 16.3, dhidi ya 21.2 ya wasiopewa, kwa takriban miezi 18. Tangazo litasema hatari ilipungua kwa asilimia 26. Tofauti halisi ni pointi 4.9. Kwa tofauti hiyo hutibiwa watu 21 ili mmoja aepushwe, vidonge kama 11,600, na hapo kuzidiwa kumehesabiwa pamoja na kifo. Kwa upande mwingine, wagonjwa wa RALES walikuwa hoi zaidi, jambo linaloipendelea dawa ya zamani. Tena hizi hazishindani: mgonjwa huweza kuhitaji zote mbili.

Tuchukue mfano wa shilingi 5 kwa kidonge. Mgonjwa atalipa 1,825 kwa mwaka. Mchango wa chini kabisa wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Dawa moja tu imefikia nusu ya mchango huo, na mgonjwa hatumii moja.

Sensa ya 2019 iliipa kaunti ya Machakos watu 1,421,932. Tukidhani mmoja kati ya 200 anaugua, ni watu 7,110 na karibu shilingi milioni 13 kwa mwaka kwa kidonge hicho kimoja. Hesabu inayotokana na RALES nayo ina udhaifu hapa: umri. Wagonjwa wa RALES walikuwa na wastani wa miaka 65. Wale 1,006 wa utafiti wa THESUS-HF, uliofanyika katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, walikuwa na 52. Anayeanza dawa akiwa na miaka 52 huenda akazimeza kwa miaka mingi zaidi.

Isitoshe, spironolaktoni hupandisha potasiamu mwilini, hivyo damu na figo lazima zipimwe. Kaunti inayopanga kununua kidonge cha bei nafuu iandike gharama ya vipimo hivyo katika bajeti hiyohiyo.